Nyoka wa muchanga: vile anaishi fasi mutu anakosa pumuzi

Mutu yeyote mwenye aliisha kushuka mu shimo anajua hii neno: jiwe linashika, udongo mugumu unashika kwa wakati, lakini muchanga haushikake. Unauchota asubui, magaribi unakuta fasi yake imejaa tena. Na kama muchanga umemufunika mutu mpaka juu ya kichwa, wenzake wanaanza kuhesabu dakika, hapana saa.

Lakini kuko nyoka wenye kujifunika wao wenyewe. Wanalala chini ya muchanga muchana kutwa, wengine wanatembea ndani yake sawa vile samaki ndani ya mayi, na usiku wanatoka wazima, tayari kuwinda. Hawana mikono, hawana miguu, hawana chombo hata kimoja. Hawatie miti ya kushikilia udongo. Basi wanafanya namna gani?

Tuliona ni muzuri tuwaelezee hii mambo, ninyi wa ku shimo na ninyi wenye kuwangojea ku nyumba, juu inatuhusu sisi wote. Mwili wa ule nyoka unaonyesha wazi ni nini muchanga unaomba kwa kila mwenye kuingia ndani yake. Unaonyesha pia ni nini mwili wa mutu hauna. Kisha tutarudia ku udongo wa kwetu hapa Katanga, kwa sababu hapa pia kuko nyoka wa chini ya udongo, na mumoja wao ni lazima umujue mbele ya kumushika.

Muchanga haukubali shimo

Tuanze na muchanga wenyewe. Jaza mukono muchanga mukavu, uuache uanguke polepole fasi moja. Utafanya kilima kidogo. Hata uongeze wa namna gani, kando ya kile kilima haitasimama wima. Itainama karibu digri 30 na kitu, na punje za juu zitateremuka mpaka chini. Muchanga mukavu hauna kitu chenye kuunganisha punje na punje. Ukiutia mayi kidogo, punje zinashikana: njo maana watoto wanaweza kujenga nyumba na muchanga wenye kulowana. Lakini jua likiisha kuukausha, ile nyumba inaanguka yenyewe, hata bila mutu kuigusa. Na mayi ikizidi, muchanga wote unakimbia kama uji.

Mu jangwa, muchanga ni mukavu karibu siku zote. Kwa hiyo nyoka wa pale hawezi kuchimba shimo leo na kurudia ndani yake kesho, sawa vile panya ya ku shamba inafanyaka. Anapita, na nyuma yake njia inajifunga. Inamubakilia namna mbili tu: kuzama palepale fasi iko, ao kuogelea.

Kuko neno lingine juu ya muchanga, na watu wengi hawaliwazie. Hata ukionekana umeshikamana, kati ya punje kunabakia nafasi ndogondogo. Mu muchanga mukavu wa jangwa, karibu 40 kwa mia ya ukubwa wake ni hewa. Mushike hii hesabu mu kichwa, tutaihitaji mbele.

Juu ya nini kuingia chini?

Sababu ya kwanza ni joto. Twende mu Namib, jangwa lenye kufuata bahari ya Atlantika kutoka kusini ya Angola, jirani yetu, kupita Namibia mpaka Afrika ya Kusini. Pale, saa sita ya muchana, uso wa muchanga unaweza kupita digri 60. Nyoka hana joto yake mwenyewe sawa sisi. Mwili wake unafuata joto ya fasi iko. Akibakia juu ya muchanga wa vile, anaiva. Lakini akishuka kidogo, joto inapunguka. Kadiri anashuka ndivyo inatulia, na ku santimetre 30 muchana na usiku havipitane tena sana.

Wenye waliisha kufanya kazi mu mine za chini sana watashangaa, juu wao wanajua kinyume: ukishuka mamia ya metre, jiwe linakuwa na moto. Vyote viwili ni kweli. Moto wa muchana unatoka juu, moto wa mine unatoka mu tumbo ya dunia. Nyoka anakaa katikati, fasi jua haifike na moto wa chini haujaanza.

Sababu ya pili ni kujificha. Mu jangwa hakuna majani, hakuna kivuli. Mwenye kutembea muchana juu ya muchanga anaonekana mbali, na ndege wa kula nyama wako wanatazama. Sababu ya tatu ni chakula. Mijusi ya jangwa iko na mbio kuliko nyoka. Kuikimbiza ni kupoteza nguvu bure. Kuingojea chini ya muchanga ni akili.

Namib: macho juu ya kichwa

Mu ile Namib anaishi piri mudogo mwenye watu wa siyansi wanaitaka Bitis peringueyi. Ni wa jamaa moja na ule piri munene wa mu pori yetu, lakini urefu wake mara nyingi ni santimetre 20 ao 25 tu, hata hapite kijiko na uma ukiviunganisha.

Ku nyoka wengi macho iko ku kando ya kichwa. Yeye, macho yake iko juu kabisa, kama inatazama mbingu. Mutu akimuona mara ya kwanza anaweza kufikiri ni kilema. Hapana. Akiisha kuzama, macho njo inabakia inje, na wakati mwingine ncha ya mukia. Mwili wote uko chini.

Kwa kuzama, hachimbi na kichwa. Anatikisa mbavu kuume na kushoto, anasukuma muchanga ku kando, na mwili unashuka palepale, sawa vile pine ya kamio inazama kama inazunguka bure mu matope. Muchanga wenye alisukuma unarudi kumufunika. Kisha anatulia. Hakuna alama tena, ila tu vitone viwili vyeusi juu ya muchanga.

Ile mukia ni mutego. Ku wamoja ncha yake ni nyeusi. Nyoka anaichezesha polepole juu ya muchanga, mujusi anafikiri ni kadudu, anakaribia kula, na yeye njo anakuliwa. Ndani ya nyama ya mujusi nyoka anapata pia mayi. Na asubui ukungu unatoka ku bahari, anatoka juu, anajitandika bapa. Matone yanakaa ku magamba, naye anayalamba ku mwili wake mwenyewe. Mu inchi yenye mvua inaweza kukosa miezi na miezi, mwili wake njo robine yake.

Kutembea pia kuko na namna yake. Juu ya muchanga wenye kuteremuka, nyoka mwenye kusukuma mbele anateleza fasi moja. Huyu anainua sehemu ya mwili na kuitupa ku kando, kisha sehemu ingine, na nyuma yake anaacha mistari iliyoachana, kama ngazi yenye kulazwa chini. Piri wa Sahara anafanya vile vile, na nyoka mumoja wa Marekani mwenye kulialia na mukia anafanya vile vile, hata kama wote watatu wanaishi mbali mbali sana. Muchanga uliwafundisha somo moja.

Sahara: magamba yenye meno

Mu Sahara kuko piri mwenye jina ya Cerastes. Wengi wao wako na pembe mbili ndogo juu ya macho. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya santimetre 30 na 60. Muangalie kando ya mwili: magamba ya pale hayakulala sawasawa na yale ya mugongo. Yamekaa upande upande, na kila gamba iko na mustari wenye menomeno kama musumeno.

Ile musumeno iko na kazi mbili. Ya kwanza ni kuzama. Wakati anatikisa mbavu, magamba yanakwangua muchanga na kuutupa juu ya mugongo, mistari kwa mistari. Ndani ya wakati mufupi anabakia pembe, macho na tundu za pua. Kazi ya pili ni kuonya. Akiona hatari anajikunja kama kamba, anasugua kando moja ku kando ingine, na yale meno yanatoa sauti ya ukali, kama mafuta yenye kuunguzwa mu kikango. Nyoka mwingine akitaka kutisha anapuliza hewa ku kinywa. Huyu anaweza kuonya na ngozi yake.

Na mule chini anasikia nini? Nyoka hana sikio la inje. Lakini taya yake ya chini imelala juu ya muchanga, na kila hatua ya panya inatikisa muchanga kidogo. Ule mutikiso unapita ku taya mpaka ku sikio la ndani. Taya ya kuume na ya kushoto zinaweza kutikisika kila moja kwa wakati wake, na vile anaweza kujua mutikiso unatokea upande gani. Wazee wa ku shimo wenye kutia sikio ku jiwe mbele ya kuingia wanafanya kitu chenye kufanana.

Oman: pua kama kabari

Mu Oman na inchi jirani za Arabuni anaishi nyoka mwingine, Eryx jayakari. Jina lake linatoka kwa Jayakar, munganga wa Uhindi mwenye alifanya kazi Muscat mu karne ya 19 na kukusanya wanyama wengi wa pale. Huyu nyoka hana sumu; anakamata na kuminya, sawa vile chatu. Lakini ni chatu mufupi, mara nyingi hafikie nusu metre.

Yeye haachi tu mwili uzame. Anaingia na kichwa. Pua yake imekaa kama kabari, ile ya kupasulia miti: nyembamba mbele, pana nyuma. Taya ya chini ni fupi kuliko ya juu, na inaingia ndani yake sawa vile mufuniko unaingia mu sanduku, juu punje zisipenye ku kinywa. Macho yake iko juu kabisa, karibu ku paji la uso, na jicho la nyoka halina kope za kufunga na kufungua; linafunikwa na gamba moja yenye kuonekana ndani, kama kioo. Vile anaweza kupita ndani ya muchanga macho wazi, na hayakwanguke.

Mukia ya jamaa ya hawa nyoka ni butu, wakati mwingine inafanana na kichwa. Njo maana mu inchi mingi watu wanasemaka ni nyoka wa vichwa viwili. Kichwa ni kimoja. Ingine ni uongo wa mukia, na adui mwenye kupiga upande wa mukia anamuachia nyoka kichwa kizima.

Marekani: kuogelea chini

Mwenye kuogelea kweli kweli tunamukuta mu majangwa ya kusini-magaribi ya Marekani: nyoka mudogo wa mistari myeusi na ya rangi ya mwanga, mwenye pua bapa kama bêche. Chakula chake ni wadudu, hata nge. Hazami tu, anatembea ndani ya muchanga.

Watu wa siyansi wa Georgia Tech, mu muji wa Atlanta, walitaka kujua anafanya namna gani, juu hakuna mutu mwenye kuona kupitia muchanga. Walimupiga radio, ile ya kuonyesha mifupa ku hospitali, wakati anapita ndani ya muchanga, na mu 2015 walitoa matokeo yake. Walimulinganisha na mujusi wa Sahara mwenye pia anaogeleaka mu muchanga, ule wanaita samaki wa muchanga.

Walikuta mambo mbili. Kwanza, ngozi ya nyoka inateleza kuliko ya mujusi. Punje hazimushike. Pili, mwili wake ni murefu na mwembamba, na unajipinda mara mingi. Ile njia kichwa kinafungua, shingo inapita mulemule, tumbo inapita mulemule, mukia inapita mulemule. Mujusi mufupi na munene anasukuma muchanga mwingi na kuteleza nyuma. Nyoka anafungua njia moja nyembamba, na mwili wote unaifuata. Hivi anatumia nguvu kidogo.

Wachimbaji wanaelewa haraka: galeri nyembamba inaomba kazi kidogo kuliko galeri pana. Lakini nyoka anapita na mwili wenye kujaza njia yake yote. Haache nafasi tupu nyuma yake ao juu yake. Hakuna kitu chenye kuweza kumuangukia, juu kila kitu kimeisha kuanguka na kumugusa. Pale njo kunatoka ulizo kubwa.

Anapumua namna gani?

Tulisema kati ya punje kuko hewa. Sasa utauliza: kama hewa iko, juu ya nini mutu mwenye kufunikwa anakufa?

Musikilize vizuri, ni maneno ya mbavu. Wakati unavuta pumuzi, kifua chako kinapanuka mbele na ku kando. Wakati unaitoa, kinarudi. Kama uko ndani ya muchanga, kila mara kifua kinarudi kinaacha nafasi, na punje zinaanguka mu ile nafasi mara moja. Ukitaka kuvuta tena, lazima usukume zile punje. Haziwezi kusukumika, juu nyuma yao kuko zingine. Pumuzi ya pili inakuwa fupi kuliko ya kwanza, ya tatu fupi kuliko ya pili. Muchanga hauhitaji kuziba kinywa yako. Unakufunga kama kamba yenye kukaza kila mara unapumua. Na ni muzito: metre kibe moja inapita kilo 1.500. Hii inaweza kuua hata mwenye kichwa chake kiko inje.

Nyoka alipata kupona na njia ingine. Tangu miaka ya 1960 wachunguzi wa wanyama wa muchanga waliona kwamba, wakiisha kujifunika, hawatikisi mugongo na kando kwa kupumua. Wanapumua na upande wa chini, ku tumbo na ku koo. Muchanga uko juu ya mugongo na hausogei. Chini ya mwili kunabakia kanafasi, na punje za juu haziwezi kukaangukia, juu mwili wenyewe umezikinga. Mu maneno ya shimo: mugongo wake njo plafo, mbavu zake njo miti ya kushikilia, na chumba cha pumuzi kiko chini ya plafo.

Kisha, anahitaji hewa kidogo sana. Mwili wetu unachoma chakula usiku na muchana kwa kubakisha digri 37. Nyoka haitaji ile moto. Munyama wa damu baridi anatumia karibu sehemu 1 juu ya 10 ya nguvu yenye munyama wa damu moto wa kilo zilezile anatumia. Akilala mu muchanga wa baridi, inapunguka tena. Ile hewa kidogo yenye kupita kati ya punje inamutosha. Na pafu lake ni la kumufaa: nyoka wengi wanatumikisha pafu moja tu, la kuume, refu na jembamba kama mwili.

Inabakia vumbi. Tundu za pua za nyoka wa muchanga ni ndogo, ku wengine zinaweza kujifunga. Ule mujusi wa Sahara, samaki wa muchanga, alichunguzwa zaidi: ndani ya pua yake kuko fasi njia inapanuka, hewa inapunguza mbio, punje zinaanguka na kunasa ku kamasi. Kisha anazitupa inje na pumuzi moja ya nguvu, kama kukohoa. Mapafu inabakia safi. Ninyi wenye kuvuta vumbi ya mawe miaka na miaka munajua bei ya kukosa ile chujio. Kamasi ya pua yetu haitoshi kwa vumbi ndogo ya kuchimba jiwe. Ni lazima maske, na mayi juu ya jiwe kama inawezekana.

Mutu hana hii

Tuhesabu basi. Kupumua na tumbo chini ya mugongo mugumu: mutu hana. Kukaa na hewa kidogo: mutu hana, ubongo wetu unaanza kuharibika ndani ya dakika chache. Ngozi ya kuteleza: hana. Kwa hiyo mutu hawezi kuingia mu udongo wenye kutembea na kujifariji mu moyo kwamba «nikifunikwa nitangojea». Kile nyoka amezaliwa nacho, mutu anapaswa kukibeba na kukijenga: miti, kuta zenye kuinama, njia ya hewa.

Mu juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo ulifunika watu ndani ya mine moja na zaidi ya 40 wakakufa. Kila muji wa mine uko na majina yake ya kulilia. Sheria ya inchi inakatazaka shimo ya muchimbaji wa mukono kupita metre 30, lakini tunajua wote kwamba hata metre 3 ya udongo mubaya inatosha kuua.

Wakati wa kuogopa sana ni ule muchanga unabadilika. Mvua kubwa ikipita, udongo umekunywa mayi na umekuwa muzito. Na siku za jua kisha mvua, ule wenye ulishikamana na mayi unakauka na kuachana, sawa nyumba ya watoto. Mukiona mapasuko ku mudomo wa shimo, punje zenye kuanguka polepole kutoka juu, mayi yenye kutoka fasi haikukuwa, ao muti wenye kulia, mutoke kwanza, muzungumuze kisha. Na udongo wenye kutolewa musiulundike ku mudomo. Muusogeze metre moja na zaidi.

Kama mwenzenu amefunikwa, ile mbio ya kuruka ndani yote pamoja njo inaongezaka maiti. Kando ya shimo iliisha kubomoka mara moja, itabomoka tena. Muite musaada, mushikilie udongo na miti na mbao, kisha wachache waingie. Mutoe udongo ku uso, halafu mara moja ku kifua, juu kifua kisipopanuka, uso wazi haumusaidie. Karibu na mwili mutumie mikono. Na musimuvute na kamba wakati angali amefunikwa: mutavunja mwili, na udongo hautamuachilia.

Nyoka wa udongo wa kwetu

Huku kwetu hakuna jangwa, lakini kuko nyoka wa chini ya udongo. Wa wamoja hawana neno. Kuko nyoka kipofu, laini, mwenye kung'aa, macho kama vitone chini ya magamba, mwenye kula muchwa na mayai yao. Bêche inamutoaka mu kisuguu ao mu shamba. Hana sumu ya kumuumiza mutu. Mumuache aende, anawasaidia juu ya muchwa.

Lakini kuko mwingine mwenye kufanana naye kwa mbali, na jina lake mu siyansi ni Atractaspis. Ni mweusi ao wa rangi ya kahawia, anang'aa, macho madogo, kichwa hakiachane na shingo, na ncha ya mukia ni kali kidogo. Urefu wake ni karibu nusu metre. Anakula wanyama wadogo ndani ya mashimo yao, fasi hakuna nafasi ya kufungua kinywa. Kwa hiyo meno yake ya sumu yanatoka ku kando wakati kinywa kimefungwa. Anachoma upande na nyuma, kama mutu mwenye kupiga kisu bila kugeuka.

Mushike hii neno vizuri, muwaambie na watoto: nyoka wengi, mwenye kujua kazi anaweza kuwashika nyuma ya kichwa. Huyu, hapana. Ukimushika nyuma ya kichwa, anageuza jino na kukuchoma kidole ungali umemushika. Mara mingi wanaoumwa ni mwenye alimuokota, ao mwenye alilala chini usiku wa mvua. Maumivu ni makali, mukono unavimba, na wamoja wanapoteza kidole. Serum ya nyoka zingine haimuwezi.

Kama ameuma mutu, ao nyoka mwingine yeyote ameuma: toa pete na saa mbele mukono uvimbe, mukono ao muguu usitembezwe, uufunge ku kipande cha muti kama umevunjika, mupeleke hospitali bila kukawia. Usikate na wembe. Usifunge kamba ya kukaza damu. Usinyonye. Na ile jiwe nyeusi yenye watu wengi wanaweka ku kidonda, haitoe sumu. Inakupotezea tu wakati. Usimukimbize nyoka kwa kumuua. Nyoka wa pili anaweza kuuma mutu wa pili.

Ku shimo, mbele ya kuingiza mukono chini ya jiwe ao mu mufuko wenye ulilala inje, geuza kwanza na muti. Ku nyumba, kama hakuna kitanda, mutandike juu ya kitu chenye kuinuka, na musiache muti na matofali karibu na mulango.

Nyoka wa Namib anazama na kuamuka kila siku, miaka na miaka, na haombe kitu kwa muchanga. Mwili wake uliisha kutengenezwa kwa ile maisha. Sisi tunaingia na mwili wa mwenye kuishi juu. Basi kila asubui, mbele ya kushuka, muulize ulizo moja: leo miti yetu iko wapi? Kama jibu halipo, shimo itangojea mpaka kesho.